Nati ya Nne

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umepanda ngazi kubadilisha balbu kama nilivyosikia, maana kidonda cha upasuaji hakijui kwamba wewe ni jeuri. Mimi mzima. Chumba ni kilekile, dirisha linatazama ukuta, na jirani wa juu bado anaburuta viti. Msalimie mkaza mjomba, mwambie sweta alilonifumia nalivaa hata kazini, ndiyo maana mikono yake imeshageuka rangi ya grisi. Msalimie na ndugu yangu Kinyozi, mwanao. Mwambie huku wananinyoa kama wanaofyeka nyasi.

Najua kuna jambo hujaniuliza. Nilisema nitakuja utakapolazwa, nikasema tena, na siku unapasuliwa nilikuwa hapa yadini nafungua milango ya gari lililogongwa. Ruhusa ingepatikana kama ningeiomba kweli. Niliiomba nusu nusu, wakaninyima nusu nusu, yakaisha. Ungenigombeza ningepata nafuu.

Sasa sikia jambo jema. Limeingia gari yadini, toleo jipya kuliko lako na la kampuni nyingine. Nyuma limebondeka kabisa, lakini rimu zake nne ni kama zimetoka dukani. Nyepesi, zinang'aa, na zina matundu manne ya nati kama za kwako. Msimamizi amekubali nizichukue. Nakumbuka mashimo ya njia ya kiwanda cha mikate yalivyokupindia zile zako, ile ya mbele kushoto unainyoosha kwa nyundo kila mwezi. Nataka upate hizi.

Ila nne kwa nne si lazima ziingiliane, wewe ndiye uliyenifundisha. Fungua gurudumu moja, bandika karatasi nyeupe kwenye kitovu chake, isugue kwa kidole chenye grisi mpaka alama za bolti zote na ukingo wa katikati zitokee. Nitumie. Nitailaza juu ya rimu hizi nione kama matundu yanakutana.

Simu sikupigii, masikio yako uliyaacha kwenye injini za zamani.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kidonda kimefunga, ngazi nimenyang'anywa, na mkaza mjomba wako ananipikia uji mwepesi mpaka naona sura yangu ndani yake. Kinyozi amepata chumba kipya cha kunyolea karibu na kituo cha mafuta, kina kioo kirefu cha ukuta mzima, basi anatembea kama mkurugenzi. Anasimama kutwa nzima, na akirudi bado ana nguvu za kubishana juu ya mpira. Anasema kichwa chako hawezi kukinyoa kwa njia ya posta.

Habari ya kutokuja tuiache. Nilikuwa nimelazwa usingizi, hata ungekuja nisingekuona. Mkaza mjomba wako alikuwa ametandika kitanda chako, lakini kutandua si kazi.

Karatasi ni hii. Alama ya kidole gumba pembeni ni yangu, usiihesabu. Na usiangalie matundu ya pembeni peke yake. Tundu la katikati nalo likae juu ya kitovu kama kofia uliyopimiwa. Likipwaya, uzito wote unabebwa na nati, na nati kazi yake ni kubana, haikuumbwa kubeba. Rimu zisipoingia usihuzunike. Nimeendesha hizi zilizopinda miaka na miaka, na mikate haijawahi kulalamika.

Ukija mwenyewe utapima vizuri kuliko karatasi. Sikulazimishi.

Mjomba wako

5 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Jibu lako halijafika, lakini mambo yamekwenda mbio. Dereva wa lori la vipuri anapita huko kwenu, na amekubali kuzipakia rimu. Akiondoka huyu, mwingine sijui lini. Nimemkabidhi zote nne pamoja na matairi yake. Nati nimezitia ndani ya soksi, usicheke, ndio mfuko niliokuwa nao.

Kuhusu kuingia, ondoa shaka. Juzi limeletwa gari kama lako kabisa, nikazipima juu yake mwenyewe. Zinaingia vizuri. Karatasi yako ikija itakuwa ya ukumbusho tu.

Leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu ulazwe. Msalimie mkaza mjomba. Mwambie Kinyozi asiziguse kabla yako.

Mpwa wako

28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani wazima. Mkaza mjomba wako amepaka rangi mlango wa mbele bila kumshauri mtu, basi wote tuna nguo zenye alama ya buluu. Kinyozi wateja wamemzidi, analala na viatu.

Rimu zimefika. Dereva wako mtu mwema, alizishusha mwenyewe, akanywa chai vikombe vitatu. Sijui nikushukuru vipi. Ni nzuri kupita kiasi. Mkaza mjomba wako anazifuta vumbi kila asubuhi, na mgeni akiingia lazima azisifie kwanza ndipo aonyeshwe kiti. Barua yako niliisoma kwa sauti, watu wote wakiwepo, na pale uliposema umezipima mwenyewe nikapasoma mara mbili. Kinyozi akasema, "Fundi ameshasema." Nikasema ndiyo, fundi ameshasema.

Karatasi yangu ilikufikia?

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku salama. Msimamizi anaumwa mgongo, kwa hiyo funguo za yadi ninazo mimi, na kila mtu ananiita bosi kwa kejeli. Jirani wa juu amenunua zulia, ashukuriwe Mungu. Natumaini rangi ya mlango imetoka kwenye nguo.

Karatasi ilifika. Ilichelewa njiani.

Nauliza tu, Mjomba: usukani unatetemeka? Ukisikia hata kidogo, kwenye mteremko au ukikanyaga breki, usinifiche. Kaza nati kila unapotoka. Si kwamba kuna kitu. Rimu nyepesi zina tabia ya kulegea mwanzoni. Na kama huzipendi, rudisha zile za zamani, sitaona vibaya hata chembe. Nijibu upesi.

Mpwa wako

11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima wote. Kinyozi amepata kiti cha kunyolea cha kuzunguka, kimetumika lakini ngozi yake bado nzima, kiko mji wa pili na anatafuta namna ya kukichukua. Usiku na mchana ni kiti, kiti. Mama yake amemwambia akioe.

Usukani hautetemeki hata kidogo. Gari linakwenda vilevile kama siku zote. Umekuwa na maswali kama daktari. Fanya kazi zako, usijisumbue na mzee na gari lake.

Mkaza mjomba wako alitaka nikuulize utakuja lini. Nimemwambia asikuulize.

Mjomba wako

2 Julai

Mpwa wangu,

Tupo. Nimechelewa kukuandikia. Mkaza mjomba wako anashinda hospitali, anakuja kuoga, anarudi.

Kinyozi amevunjika mguu wa kulia, paja na chini ya goti. Alikuwa anarudi na kiti chake. Gari liliacha njia kwenye mteremko wa kiwandani, likatumbukia mtaroni. Kiti hakikupata hata mkwaruzo. Madaktari wametia vyuma. Wanasema atatembea. Juu ya kusimama kutwa nzima hawasemi kitu, nami nimewauliza kila mmoja wao. Chumba chake cha kazi kimefungwa, kioo kimefunikwa shuka.

Usije mbio, hakuna utakachofanya. Magari ni vyuma tu.

Mjomba wako

15 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu nyingine sina, nikianza na habari za hali ya hewa nitakuwa mnafiki.

Umeandika gari liliacha njia. Gari haliachi njia lenyewe. Ni gurudumu la upande gani lililotoka? Hukuandika, na najua kwa nini hukuandika.

Hakuna gari kama lako lililoletwa yadini. Sikupima kitu. Dereva wa lori alikuwa ameshawasha injini, anapiga honi, na mimi nilitaka kitu changu kifike kwako ili nisidaiwe kufika mwenyewe. Ndio ukweli wake. Niliziangalia zile rimu nikajiambia zitaingia, kwa sababu nilitaka sana ziingie.

Karatasi ilipokuja niliilaza juu ya rimu ya akiba ya gari lilelile. Tundu la kwanza lilikutana. Lililo mkabala nalo likapishana kwa unene wa ukucha. Na tundu la katikati lilikuwa pana, lingepwaya kwenye kitovu chako kama ulivyonionya. Namba ya simu ya Kinyozi ninayo, Mjomba. Ningempigia saa ileile nikasema neno moja, zitoeni. Badala yake nikakuandikia swali la kuzungukazunguka kuhusu usukani, ili kama kuna ubaya uuseme wewe. Ukanijibu hautetemeki, na mimi nikafurahi. Nilipanda juu kwa jirani nikampelekea soda, hajui mpaka leo ilikuwa ya nini.

Nimempigia Kinyozi, hapokei. Tulilala godoro moja tangu mama yangu alipofariki ukanichukua, akinivuta shuka kila usiku, na leo mguu wake una vyuma kwa mkono wangu. Mwambie ni mimi. Usinifichie.

Mpwa wako

9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Kinyozi ametoka hospitali. Yuko chumba cha mbele, mguu juu ya mito. Mkaza mjomba wako amekonda.

Barua yako niliisoma bafuni, nikaitia mfukoni mwa koti, nikaisoma tena kiwandani nyuma ya magunia ya unga. Sijamwonyesha mtu. Hakuna haja ya kuwaambia ni wewe, maana nyumba nzima inasema ni wewe. Wanaokuja kutoa pole wanatikisa kichwa: mtoto umemlea mwenyewe, anakutumia mauti kwenye lori. Mkaza mjomba wako hakutaji tena kwa jina lako, anasema "yule". Na mimi nimekaa palepale, nawapitishia wageni sukari.

Sasa nikwambie nilichokikalia. Asubuhi ileile rimu zilipofika, wenzangu walipotoka, niliinua gari nikajaribu moja. Nati tatu ziliingia. Ya nne iliingia kwa nguvu, imelala upande. Nikaitikisa rimu kwa mkono, ikacheza. Nikaitoa, nikarudisha ya zamani, nikanawa mikono. Nilijua umenidanganya. Sababu yake pia niliijua, nimekulea. Nikawaza, nikimwambia atakufa kwa aibu na nyumba hii hataikanyaga tena. Basi nikazipanga sebuleni, zimeegemea ukuta, nikawaambia ni nzuri mno kwa mashimo yetu, nitazifunga za zamani zikiisha kabisa. Ulipouliza kama usukani unatetemeka nikakujibu hautetemeki, na nilikuwa nasema kweli, gari lilikuwa juu ya rimu zake za zamani. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya ajali nilikuwa nimesafiri na lori la kiwanda. Kinyozi akakuta tairi moja la zamani limekwisha upepo, na muuza kiti anamsubiri. Akazichukua zile za sebuleni, zote nne. Mama yake akamwambia mngoje baba yako. Akajibu, "Fundi alipima mwenyewe, na baba alipasoma mara mbili." Hayo nimesimuliwa na mama yake, analia, hajui anamsimulia nani.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Uongo wako ulifika hapa ukalala sebuleni muda wote ule bila kumdhuru mtu. Mimi ndiye niliyekuwa naupita kila siku nikienda kazini. Neno moja lingetosha: msiziguse. Lakini ningeulizwa kwa nini, na ningelazimika kukutaja.

Jioni namsaidia kuinua mguu. Ananiambia, "Asante, baba." Nimekuandikia wewe kwa sababu yeye siwezi kumwambia.

Mjomba wako

27 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, sikupata hata akili ya kukaa.

Usimwambie. Ndugu anaweza kumpoteza ndugu na maisha yakaendelea. Baba yake ni mmoja, na ndiye anayemwinua mguu. Niacheni mimi na lawama, ni zangu kwa haki, maana ningepima wewe usingekuwa na cha kuficha. Mkaza mjomba aendelee kuniita yule. Wageni waendelee kutikisa kichwa. Ukiulizwa, sema hukuwahi kuzijaribu, uliniamini. Barua zote mbili zichome, hii na ile iliyotangulia.

Kuja siji tena. Zamani nilikuwa sina sababu ya kutokuja, nikawa natafuta. Sasa ninayo, na nisamehe kwa kusema hivi, imenipa kama nafuu.

Nitatafuta namna ya kumsaidia nikiwa hukuhuku.

Mpwa wako

19 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako ananisemesha mambo ya lazima tu: chumvi, funguo, funga mlango. Utaelewa sababu ukiendelea kusoma.

Barua yako sikuichoma. Nilitembea nayo siku kadhaa, na nakiri niliipenda. Nilikuwa nikiigusa mfukoni kila mgeni anapoanza kukusema, nikawaza, mwenyewe amekubali. Halafu siku moja nikamsikia Kinyozi anamwambia mama yake kwamba wewe hukuwahi kuwa ndugu yake, ulikuwa mgeni aliyekaa sana. Hapo nikaona ninachokula ni nyama ya mtu.

Nikavuta kiti kando yake nikamsomea. Barua zako mbili, neno kwa neno, hata pale ulipoandika nisimwambie. Kisha nikamwambia ya kwangu, kuanzia jeki mpaka kunawa mikono. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Kinyozi akaniambia nimpishe alale, na jua lilikuwa linawaka nje.

Tangu siku hiyo akawa anainua mguu wake mwenyewe, kwa mikono miwili, anauma meno. Nikikaribia ananyoosha kiganja nisimame. Chakula nilikila jikoni. Ndevu nikaziacha ziote, sikuwa na hamu ya kujitazama kwenye kioo.

Jana asubuhi nikasikia magongo ukumbini. Nikatoka. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mbele ya beseni, mgongo ameutegemeza kabatini, wembe ameshaunoa. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Akanipaka povu, akaniinua kidevu kwa vidole viwili mpaka nikawa natazama dari. Alikuwa anayumba na wembe mkononi, maana mguu bado hauwezi kumshika. Mpwa wangu, katika maisha yangu sikuwahi kumwogopa mwanangu. Jana nilimwogopa, na nikakaza shingo ili asijue. Alininyoa polepole, anapumzika kabatini, anaendelea. Chini ya taya akanikata. Kidogo tu. Akasimama akaitazama damu kwa muda mrefu, akaifuta kwa kidole chake, akasema, "Samahani, baba."

Nililia mbele yake, sikuweza kujizuia. Yeye hakulia. Alimaliza upande uliobaki, akaosha wembe, akaukausha, akaufunga. Ndipo akasema, bado amenipa mgongo:

"Mwandikie. Asitume kitu. Aje ayaseme mwenyewe, nikimwangalia."

Sikuahidi msamaha, mpwa wangu. Hata mimi wangu sijapewa. Nakuambia tu kwamba unaitwa.

Mjomba wako